Sakafu imara, ukuta imara, je, kati yao kuna nini? Uzi wa kufikisha nguvu za pembeni kwenye kuta za shia za mbao

mstari_timazi (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Wiki iliyopita nilipanda ngazi kukagua nyumba ya mbao ya ghorofa mbili kabla dari halijafungwa. Kuta za chini zilikuwa zimepigwa plaiwudi kwa ufundi wa hali ya juu, misumari imepangwa kama mshono wa cherehani. Sakafu ya juu nayo imetulia, ukitembea hailii. Nikawasha tochi nikachungulia pale joisti za sakafu (mbao zilizosimama kwa ubavu zinazoibeba) zinapokalia ukuta, nikaona mwanga wa nje. Kati ya joisti na joisti hapakuwa na kitu. Kila joisti ilikuwa imesimama juu ya wolpleti (mbao ya mlalo iliyo kichwani mwa ukuta) kwa misumari miwili ya mshazari, mmoja huku na mmoja kule, basi. Nilihesabu nafasi kumi na moja mfululizo zilizo wazi hivyo.

Mwenye nyumba aliniuliza, "Sasa hapo tatizo liko wapi? Sakafu si imekaa?" Ni kweli, imekaa. Uzito wa watu na vitu unashuka chini bila shida. Tatizo ni siku upepo mkali au tetemeko litakapotaka kuisukuma ile sakafu pembeni. Nikaona nije niliandike hapa kwa kirefu, maana hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote kwenye majengo ya mbao. Lenyewe halionekani baada ya dari kufungwa, na kulirekebisha mapema hakuhitaji zaidi ya vipande vya mbao na misumari.

Nianze na safari yenyewe ya nguvu. Upepo ukiusukuma ukuta wa mbele, ukuta huo haujizuii wenyewe. Nguzo zake hupeleka sehemu ya msukumo chini kwenye msingi na sehemu juu kwenye sakafu. Sakafu, yaani joisti pamoja na plaiwudi iliyopigiliwa juu yake, hufanya kazi kama boriti moja pana iliyolazwa ubavu. Wahandisi huiita daiaframu. Mimi hutumia neno kiwambo, kwa sababu kazi yake inafanana na ngozi iliyowambwa kwenye ngoma: peke yake ni laini, ikishikwa vizuri kingoni inakuwa na nguvu ya ajabu. Plaiwudi ndiyo inayobeba nguvu ya shia, ile ya kutaka kukata na kuulaza mraba uwe msambamba. Mbao za ukingo wa mbele na wa nyuma hubeba mvuto na mgandamizo, nami nitaziita mishipi. Kiwambo hupeleka mzigo wote kwenye kuta za ubavuni, zilizo sambamba na mwelekeo wa upepo. Hizo ndizo kuta za shia. Kwa tetemeko safari ni ileile, ila mzigo hautoki nje: unatokana na uzito wa sakafu na kuta zenyewe zinapogoma kufuata ardhi.

Sasa tupige hesabu. Sakafu ina urefu wa mita 12 na upana wa mita 9. Upepo unaingiza kilonyutoni 3 kwa kila mita ya ule upande wa mita 12. Jumla ni kilonyutoni 36, kila ukuta wa ubavuni unachukua 18. Kiwambo kinaufikia ukuta kwa upana wake wote wa mita 9, kwa hiyo pale ukingoni kuna kilonyutoni 2 kwa kila mita. Mishipi inabeba kilonyutoni 6 (mpindo ni 3 × 12 × 12 ÷ 8 = 54, gawanya kwa 9).

Lakini ubavu ule si ukuta mtupu. Tuseme mita 4 ni mlango mpana na kioo, na ukuta wa plaiwudi ni mita 5 tu. Basi zile 18 zinashuka kupitia mita 5, yaani kilonyutoni 3.6 kwa mita. Na ile nguvu iliyokusanywa juu ya mlango, 2 × 4 = kilonyutoni 8, haina ukuta chini yake. Lazima kuwe na mbao moja isiyokatika inayoivuta au kuisukuma hadi ukutani. Hiyo ndiyo mbao ya kukusanya nguvu.

Hesabu hizo mbili, ya kiwambo na ya ukuta, karibu kila mchoro unazo. Inayokosekana ni ya katikati. Tazameni nguvu inapita wapi: kutoka plaiwudi ya sakafu inaingia kwenye joisti ya ukingo au vipande vya kati (mbao fupi zinazobana kati ya joisti na joisti), kwa misumari ya kutoka juu. Kutoka hapo inaingia kwenye wolpleti, kwa misumari ya mshazari au vibati vya pembe (vyuma vyembamba vilivyokunjwa). Kutoka wolpleti inaingia kwenye plaiwudi ya ukuta, kwa misumari ya ukingo. Ni maungio matatu ndani ya kimo cha joisti moja, na kila moja linabeba mzigo uleule. Likikosekana moja, yale mawili mengine hayana kazi.

Na hapo kuna jambo dogo ambalo limewaponyoka wengi. Wolpleti kwa kawaida ni mbao mbili, moja juu ya nyingine. Nguvu inaingia kwenye ile ya juu. Kama plaiwudi ya ukuta imekatwa fupi, misumari yake ikaishia kwenye ile ya chini, basi mumeongeza ungio la nne bila kujua: mbao ya juu kwa ya chini. Mara nyingi zimeunganishwa kwa misumari michache ya kuzishikilia tu zisicheze wakati wa ujenzi.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

fundi_randa

Mkuu, shukrani kwa uzi. Mimi ni fundi seremala, mwaka wa kumi na tisa sasa kwenye mbao. Nitasema ukweli, tumekuwa tukipiga misumari ya mshazari kwenye kila joisti na tunaendelea na safari. Kwa hesabu yako mwenyewe, kama joisti ziko kila milimita 400 na kila moja ina misumari miwili, hiyo ni misumari mitano kwa mita. Je, haitoshi kubeba hizo 3.6?

mstari_timazi

Fundi, swali lako ni zuri mno na ndilo lililonifanya niandike. Tuseme msumari mmoja mnene wa mshazari kwenye mbao nzuri unabeba kilonyutoni 0.7 za upepo, baada ya kupunguziwa. (Kanuni za Marekani za mbao huzidisha uwezo wa msumari wa mshazari kwa 0.83, kwa sababu hauingii sawasawa kama ulionyooka.) Mitano ni 3.5. Kwenye karatasi tumekaribia kabisa.

Lakini joisti ni ubao uliosimama kwa ubavu wake mwembamba. Kimo milimita 240, unene milimita 45. Nguvu inaingia juu, kwenye plaiwudi. Misumari yako iko chini. Kila joisti inapokea 3.6 × 0.4 = kilonyutoni 1.44 kwenye kichwa chake, na inataka kulala. Kinachoizuia isilale ni upana wa milimita 45 tu wa kitako chake. Zidisha 1.44 kwa 240, gawanya kwa 45: ni kilonyutoni 7.7 za kung'oa, zaidi ya mara tano ya nguvu tuliyoanza nayo. Hakuna msumari wa mshazari utakaoshika hiyo, na uzito wa sakafu unasaidia kidogo tu. Joisti zitalala moja baada ya nyingine kama vitabu kwenye rafu isiyo na kizuizi.

Kipande cha kati kikibana kati ya joisti na joisti, chenye kimo kamili, kikapigiliwa juu na plaiwudi na chini na wolpleti, joisti haiwezi tena kulala. Kipande kina urefu wa milimita 355, kwa hiyo mkono wake wa kujizuia ni mara nane ya ule wa joisti. Kazi yake ni hiyo hasa, zaidi ya kubeba nguvu.

Na kuhusu misumari ya mshazari yenyewe: kwa maeneo ya matetemeko makubwa, kanuni hizo za Marekani haziruhusu kuitegemea kufikisha nguvu ya tetemeko kutoka kiwambo hadi ukuta ikizidi ratili 150 kwa futi, ambayo ni kama kilonyutoni 2.2 kwa mita. Zaidi ya hapo ni vibati vya pembe au njia nyingine. Msumari wa mshazari hupasua mbao karibu na ncha, na ukivutwa huku na huku mara nyingi unachoka.

dada_ramani

Mimi ni mchoraji. Naomba kuongeza upande wa ofisini, maana makosa hayaanzii kwa fundi.

Mara nyingi mchoro unaonyesha joisti zikiwa zimekatiza ukuta, na mkato wake umechorwa vizuri, vipande vya kati vipo, kila kitu. Halafu ukuta wa upande wa pili, ambako joisti ziko sambamba na ukuta, unaandikiwa "sawa na mkato A". Si sawa hata kidogo. Pale hakuna nafasi kati ya joisti za kuweka vipande. Kuna joisti moja ya ukingo inayolala juu ya ukuta kwa urefu wote, na yote inategemea hiyo moja ipigiliwe juu na chini.

Kuta za shia za ndani ndizo hasa zinazosahauliwa. Ukuta unaangukia katikati ya joisti mbili, hauna chochote juu yake isipokuwa hewa na plaiwudi. Hapo inabidi ama kuongeza joisti moja juu ya ukuta kabisa, ama kuweka vipande vya kukatiza vya kimo kamili kwa ukaribu. Mimi siku hizi nasogeza joisti kwenye mchoro mapema kabla hazijaagizwa.

Na jambo la pili: plaiwudi ya sakafu hupigwa misumari ya karibu kingoni mwa kila ubao, kwa kawaida kila milimita 150, na ya mbali katikati, kila milimita 300. Ukuta wa ndani mara nyingi unakuwa chini ya katikati ya ubao wa plaiwudi. Fundi aliye juu hauoni ukuta, anapiga kila 300 kama kawaida. Nguvu ya kiwambo inatakiwa kuingia pale, na misumari ni nusu. Lazima mchoro wa sakafu uonyeshe mstari huo na uandike wazi: hapa piga kama ukingoni.

mstari_timazi

Dada, hilo la mstari wa misumari juu ya ukuta wa ndani nalitia wino mwekundu. Baadaye, sakafu ikishafunikwa, hakuna mtu atakayejua.

mwanafunzi_miundo

Habari zenu wakubwa. Naomba kuuliza mambo mawili. Kwanza, umegawa 36 nusu kwa nusu. Tulifundishwa kwamba mgawanyo unategemea ugumu wa kuta. Pili, nyumba ni ya ghorofa mbili, mbona sijaona mzigo wa paa?

mstari_timazi

La pili kwanza, kwa sababu ni kosa la kweli likiachwa hivyo. Mfano wangu ulikuwa wa sakafu peke yake. Tuseme ukuta wa juu, mita 5 zilezile na umesimama juu ya ule wa chini barabara, unaleta kilonyutoni 10 kutoka paani. Hizo zinashuka kupitia plaiwudi ya ukuta wa juu hadi mbao yake ya chini, halafu zinapenya plaiwudi ya sakafu hadi kwenye joisti ya ukingo. Kuanzia hapo ungio la joisti kwa wolpleti halibebi tena 18, linabeba 28, yaani 5.6 kwa mita. Nimeona michoro mingi ambako vibati vimehesabiwa kwa nguvu ya sakafu hiyo tu.

Na nanga za pembeni mwa ukuta, vyuma vinavyouzuia usiinuke, zinabadilika zaidi. Kwa 18 peke yake, ukuta wa kimo cha mita 2.7 unataka kuinuka kwa 18 × 2.7 ÷ 5 = kilonyutoni 9.7. Ukiongeza 10 za paa zinazosukuma kutoka kimo cha mita 5.7, unapata 105.6 ÷ 5, kama kilonyutoni 21, kabla ya kupunguza uzito wa jengo. Zaidi ya mara mbili.

Ile mbao ya chini ya ukuta wa juu nayo inahitaji jicho. Misumari yake ipenye plaiwudi ya sakafu na iingie kwenye joisti ya ukingo au kipande cha kati. Ikikosea kwa milimita 30 inaishia kwenye plaiwudi ikining'inia hewani. Ukiwa chini, ukitazama juu, utaziona ncha za misumari zimetokeza kama miiba. Kila ncha unayoiona ni msumari usiofanya kazi.

Sasa la kwanza. Kama kiwambo ni laini ukilinganisha na kuta, mzigo unagawanywa kwa eneo linalohudumiwa, kama nilivyofanya. Kama ni kigumu, unagawanywa kwa ugumu wa kuta, na jengo linaweza kujisokota kama kuta za upande mmoja ni dhaifu. ASCE 7, kanuni za Marekani za mizigo ya majengo, zinakiita laini pale mnyumbuko wake mkubwa unapozidi mara mbili ya wastani wa mwendo wa kuta zinazokishikilia. Sakafu za mbao mara nyingi huangukia katikati, si laini kabisa wala si ngumu kabisa. Mimi hupiga hesabu zote mbili na kuchukua kubwa kwa kila ukuta. Inaongeza mbao kidogo, inanipa usingizi.

Na kujisokota si nadharia. Tarehe 17 Januari 1994, tetemeko la Northridge, California, kipimo 6.7, liliwaua watu 16 katika jengo moja la ghorofa tatu la Northridge Meadows. Chini palikuwa na maegesho ya magari, kuta chache, juu vyumba vilivyojaa kuta. Ghorofa ya chini ilishindwa. Miaka minne na ushei nyuma yake, kwenye tetemeko la Oktoba 1989, majengo ya kona za barabara mtaa wa Marina, San Francisco, yalianguka kwa sababu ya aina hiyohiyo: milango ya gereji pande mbili, kuta pande mbili. San Francisco ilitunga sheria ya lazima ya kuimarisha majengo hayo mwaka 2013, Los Angeles mwaka 2015.

mwanafunzi_miundo

Nimeelewa mkuu, asante sana. Nilikuwa nadhani mbao ni dhaifu kwa tetemeko.

mstari_timazi

Hapana. Mwaka 2009 huko Miki, Japani, jengo la mbao la ghorofa sita lenye ukubwa kamili lilitikiswa kwenye meza kubwa ya majaribio ya matetemeko, E-Defense, kwa mtikisiko mkali, likabaki limesimama. Mbao ni nyepesi, na misumari inayopinda taratibu ndani ya mbao inakula nguvu ya tetemeko. Lakini hilo linatokea tu kama misumari ya plaiwudi ya ukuta ndiyo inayochoka kwanza. Ungio la sakafu na ukuta likikatika kabla, ukuta haupati nafasi ya kufanya kazi yake. Ndiyo maana mimi huliacha ungio hilo liwe na nguvu zaidi ya ukuta, si sawa na ukuta.

bomba_la_juu

Wakuu, mimi ni fundi bomba. Nasoma huku najiona. Bomba la maji machafu lina kipenyo cha milimita 100, linashuka ndani ya ukuta, na wolpleti ina upana wa milimita 90. Mnataka tupite wapi? Tukikata mnalalamika, na tukiuliza hakuna anayejibu. Na vile vipande vya kati nimevitoa mara nyingi ili bomba lipite, hakuna aliyewahi kuniambia vina kazi gani. Nilidhani ni vya kushikilia dari.

mstari_timazi

Fundi, asante kwa kusema wazi, na lawama si yako. Kama mchoro hausemi kipande kina kazi gani, utajuaje?

Njia ziko. Kwanza, bomba lisipite kwenye ukuta wa shia; mchoraji na fundi bomba wakutane kabla ya ukuta kusimama, walichague mahali pengine. Pili, kama ni lazima, nafasi moja kati ya joisti inaweza kuachwa bila kipande, mradi vipande vya jirani viongezewe misumari na vibati kubeba sehemu yake. Katika mfano wetu kila nafasi ya milimita 400 inabeba 5.6 × 0.4 = kilonyutoni 2.24. Kama kibati kimoja kinabeba, tuseme, kilonyutoni 2.5 kwa jedwali la mtengenezaji, majirani wawili wakipewa kibati cha pili kila mmoja mambo yanakwenda. Tatu, wolpleti ikikatwa, ukanda wa chuma uvuke pengo, upigiliwe pande zote mbili kwa nguvu inayopita pale. Hapo lazima ujue kama wolpleti hiyo ndiyo mbao ya kukusanya nguvu au la. Kama ndiyo, ukanda ule si wa kushikilia tu, unabeba hadi zile 8 za juu ya mlango.

chuma_na_mbao

Hapo kwenye mbao ya kukusanya nguvu ningependa ukae kidogo, mstari_timazi, kwa sababu ndipo ninapoona hesabu zikichanganywa. Unaweza kuichagua iwe joisti ya ukingo, au iwe wolpleti, na ungio kati yao linabadilika kulingana na ulichochagua. Ukichagua joisti ya ukingo, inakusanya nguvu ya sakafu juu ya mita zote 9, halafu inaimwaga kwenye wolpleti ndani ya zile mita 5 za ukuta, kwa 3.6 kwa mita. Vibati vinajazana juu ya ukuta, na juu ya mlango havihitajiki. Ukichagua wolpleti, basi joisti inaimwaga nguvu kidogokidogo, 2 kwa mita, kwa mita zote 9, pamoja na juu ya mlango. Wolpleti ndiyo inayovuta 8 kupita mlango. Idadi ya vibati ni karibu ileile, ila vimetawanyika.

Kosa ni kuchanganya: kuweka vibati juu ya ukuta tu kwa 2 kwa mita. Nimelikuta mara mbili kwenye michoro iliyokwisha kupitishwa. Na mbao utakayoichagua, ungio lake la kurefusha lazima lipimwe. Joisti ya ukingo haitoki kiwandani na mita 9, ina maungio. Kama ungio limeangukia juu ya mlango, nguvu imekatika hapo.

Pia kuna njia ambayo hujaitaja. Kwa kuta za nje, unaweza kuipandisha plaiwudi ya ukuta ipite wolpleti na kuipigilia moja kwa moja kwenye joisti ya ukingo. Ungio la joisti kwa wolpleti linakuwa limerukwa, vibati vinapungua sana.

mstari_timazi

Umeniwahi, na umeeleza vizuri kuliko ningeeleza mimi. Kuhusu plaiwudi kupanda hadi joisti, naipenda sana njia hiyo, ila tahadhari moja: mbao mbichi hunywea. Joisti ya milimita 240 ikikauka kutoka unyevu wa asilimia 19 hadi 9 hupungua kimo kama milimita 6. Plaiwudi hainywei kiasi hicho, kwa hiyo hubanwa ikavimba kama tumbo au misumari ikapinda. Acheni pengo dogo la mlalo kati ya ubao wa chini na wa juu, na lisiwe pale nguvu inapopita. Au tumieni joisti ya ukingo ya mbao za kuunganishwa kiwandani, hizo hunywea kidogo sana. Mnyweo huohuo hulegeza nati za nanga ndefu zinazopita ghorofa hadi ghorofa. Zikazwe tena kabla ya kufunga ukuta.

dada_ramani

Na wanaotumia joisti za umbo la I? Ubao wake wa katikati ni mwembamba.

chuma_na_mbao

Hizo ndizo usizithubutu kuzitegemea kwa misumari ya mshazari. Kuna vipande vya kati vinavyokatwa kwa kimo chake, fuata mtengenezaji. Na misumari mingi mikubwa kwenye ile mbao nyembamba ya juu au ya chini huipasua kwa urefu.

fundi_randa

Nimerudi wakuu. Baada ya kusoma juzi nilikwenda kwenye kazi tuliyo nayo sasa, dari bado. Niliwaambia vijana tupite na tochi kila nafasi. Upande joisti zinapokatiza ukuta, tulikosa vipande kwenye nafasi saba kati ya ishirini na mbili. Tumeviweka vyote jana, vimekatwa vya kubana hadi vinaingia kwa nyundo, misumari kutoka juu kupitia plaiwudi kwa sababu sakafu haijafunikwa bado. Chini tumefunga vibati vya pembe kila kipande.

Upande wa sambamba nimekuta kitu kingine. Joisti ya ukingo ilikuwa imepigwa na bunduki ya misumari kutoka juu, na misumari ya bunduki yetu ina unene wa milimita 2.9. Mchoro unasema 3.3. Urefu ni uleule, ndiyo maana hatukugundua. Je, niipige upya yote?

mstari_timazi

Kazi nzuri sana fundi, hongera wewe na vijana.

Kuhusu misumari: usiing'oe. Ya 2.9 ina upungufu wa kama moja ya tano hadi robo ikilinganishwa na ya 3.3, kwa hiyo hesabu inasema uongeze misumari kati ya iliyopo. Kama ilikuwa kila milimita 150, ongeza msumari mmoja kwa kila nafasi mbili, itatosha na akiba inabaki. Usiipange kwenye mstari mmoja na ya zamani. Isogeze kidogo kushoto na kulia ili mbao isipasuke, na kila msumari ubaki milimita 10 au zaidi kutoka ukingo wa plaiwudi. Punguza pia shinikizo la bunduki. Kichwa kikizama ndani ya plaiwudi, umekata tabaka za juu na msumari umepoteza sehemu ya nguvu yake. Kichwa kikae sawa na uso wa ubao. Ukipitisha kidole usikwame wala usitumbukie.

fundi_randa

Sawa mkuu. Shinikizo nimeshalishusha, na vichwa vilivyozama tumeviwekea alama ya chaki, viko thelathini na nne. Kesho tunapiga msumari mpya pembeni ya kila kimoja, halafu ndipo tuanze ile ya kuongeza.